Harusi Moja, Sauti Nyingi: Rekodi za Muziki kama Matini

Miongoni mwetu wanafunzi wa fasihi kuna dhana iliyokita mizizi kwamba kazi ya sanaa ikishaandikwa imekamilika, na kwamba yote yanayofuata, yaani kuimbwa, kuigizwa na kughaniwa, ni mapambo tu. Tunaikana dhana hii kwa midomo tunapoingia katika somo la fasihi simulizi, ambako tunakariri istilahi za fanani, hadhira na utendaji. Hata hivyo, ukitazama tunavyofanya utafiti na tunavyotahiniwa, utaona kwamba karatasi ndiyo ingali sultani. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kutoka upande ambao huenda msomaji hakuutarajia: upande wa muziki wa kwaya na wa baleti wa karne ya 20, na hasa rekodi zake. Ninashikilia kwamba rekodi mbili za kazi moja ni usomaji mara mbili, pengine hata kazi mbili, na kwamba mhakiki wa Kiswahili ana zana za kuzilinganisha kuliko anavyodhani.

Mtu atauliza, ya nini kwenda Paris ilhali Lamu ipo? Sababu yangu ni nyepesi. Muziki huo umerekodiwa mara nyingi, tena na watunzi wenyewe, hivi kwamba tunaweza kufanya nao jambo ambalo ni nadra kulifanya na tenzi zetu: kumsikia mtunzi akiisoma kazi yake, kumsikia tena baada ya miaka 25, kisha kumsikia mgeni akiisoma kazi hiyo hiyo kana kwamba mtunzi hakuwahi kusema neno.

Kazi ninayoikusudia ni Les Noces, yaani Harusi, ya Igor Stravinsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1882. Ni baleti, lakini baleti inayoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho: waimbaji wanne wa pekee, kwaya, piano nne, na ngoma pamoja na vyombo vingine vya kugonga. Ilichezwa kwa mara ya kwanza jijini Paris tarehe 13 Juni 1923. Bronislava Nijinska ndiye aliyeitungia miondoko, Ernest Ansermet akaongoza muziki, na Natalia Goncharova akabuni mavazi, ambayo yaliishia kuwa ya rangi mbili za kimasikini, hudhurungi na nyeupe, baada ya michoro yake ya awali yenye rangi tele kukataliwa. Maneno yake Stravinsky hakuyatunga. Aliyateua kutoka katika nyimbo za harusi za wakulima wa Urusi zilizokusanywa katika karne ya 19 na Pyotr Kireevsky, akayakata vipande vipande na kuyaunganisha upya. Bibi harusi anasukwa nywele na kulia, bwana harusi anaombewa baraka, bibi harusi anaondoka kwao, kisha karamu. Basi. Hakuna kisa kingine.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakiona hapo kitu anachokijua. Sauti katika kazi hii haziambatani na wahusika. Mwanamke mwenye sauti ya juu huimba maneno ya bibi harusi, kisha baada ya kitambo anaimba maneno ya mtu mwingine kabisa. Sauti nzito ya kiume humsemea bwana harusi, kisha mzee mlevi wa karamuni. Maneno yanaelea juu ya umati, kila anayeyafikia anayadaka. Aliyewahi kusimama pembeni ya vugo la akina mama wa pwani, pembe zikigongwa na mafumbo yakirushwa, hatahitaji kufafanuliwa kwa nini nani hasa anasema si swali la maana sana katika wimbo wa harusi.

Sasa tuzisikilize rekodi. Stravinsky mwenyewe aliiongoza kazi hii katika rekodi ya London mwaka 1934, kisha tena New York mwaka 1959. Jambo la kwanza linalomgutusha msikilizaji ni kwamba rekodi zote mbili zimeimbwa kwa Kiingereza. Mtunzi aliyeyachagua maneno yale ya wakulima kwa ajili ya sauti za silabi zake, aliyegundua kwamba katika nyimbo za kimapokeo za Kirusi mkazo wa neno huhama pale wimbo unapotaka, ndiye anayekubali silabi zote zibadilishwe. Na Kiingereza ni lugha isiyopenda mkazo wake usogezwe. Katika rekodi ya 1934 ugomvi huo unasikika dhahiri shahiri. Waimbaji ni stadi, kwaya ni ya shirika la utangazaji la BBC, ila wanatamka kwa adabu ya kanisani. Mimi huwasikia kama wanakwaya waliopita njiani, wakaona harusi, wakaingia bila mwaliko na kuimba vizuri kupita kiasi.

Rekodi ya 1959 ina nguvu zaidi, na ina kioja chake. Piano nne zilipigwa na watunzi wanne wa Kimarekani waliokuwa na sifa zao wenyewe: Samuel Barber, Aaron Copland, Lukas Foss na Roger Sessions. Ni sawa na kuwaita washairi wanne mashuhuri waje kupiga makofi wakati mshairi wa tano anaghani. Makofi yao ni makavu, hayana mapambo, na yanaipa rekodi nzima sura ya mashine ya kukoboa nafaka. Mwendo hauyumbi. Hakuna anayeomba huruma yetu, hata bibi harusi anapolia. Hivi ndivyo Stravinsky alivyotaka, kwani katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa masomo wa 1939 hadi 1940 alitofautisha waziwazi kati ya mtu anayeifasiri kazi na mtu anayeitekeleza, na moyo wake ulikuwa kwa huyo wa pili.

Lakini je, kama mtunzi hataki tafsiri, mbona ameruhusu tafsiri kubwa kuliko zote, ile ya lugha? Sioni njia ya kulijibu swali hili kwa kusoma kitabu cha nota peke yake. Kitabu kinaonyesha Kirusi, na pia Kifaransa alichokiandaa mwandishi wa Uswisi, C. F. Ramuz. Kitabu hakigombani na mtu. Ni masikio yanayotuambia kwamba katika mizani ya mtunzi huyu mdundo ulikuwa mzito kuliko maana, na kwamba alikuwa radhi kuipoteza lugha mradi hadhira ielewe na mdundo usivunjike. Sisi tunaofundishwa kwamba umbo na maudhui ni chanda na pete tuna la kujifunza hapo, hata kama hatutakubaliana naye. Binafsi sikubaliani naye.

Sikubaliani naye kwa sababu nimeisikia rekodi ya Leonard Bernstein ya miaka ya 1970, iliyoimbwa kwa Kirusi. Sijui Kirusi, niliifuata kwa tafsiri iliyochapwa, kidole kikiwa juu ya mstari. Hata hivyo, tofauti haikuhitaji kamusi. Konsonanti zinagonga pamoja na piano badala ya kuzipinga. Wapiga piano hapa ni wa daraja la juu kabisa, akiwemo Martha Argerich na Krystian Zimerman, na wao hawapigi makofi makavu, wanapiga kengele. Bernstein anafanya kila ambacho mtunzi alikataza. Anaongeza uzito pale anapotaka tusikitike, anaiachia sauti ya mama nafasi ya kuomboleza, anaikimbiza karamu hadi inakaribia kumwagika. Ni fasiri waziwazi, wala haioni haya. Na mimi msikilizaji, ninayejua kwamba mtunzi angekunja uso, ndiyo niirudiayo zaidi.

Sasa iko rekodi ya nne inayovuruga mizani yote. Dmitri Pokrovsky, aliyefariki mwaka 1996, aliunda kikundi cha waimbaji mwaka 1973 kilichokwenda vijijini Urusi kujifunza uimbaji wa wakulima kutoka kwa wakulima wenyewe: sauti ya kifuani, iliyo wazi, isiyotikisika mwishoni mwa neno kama ifanyavyo sauti ya opera. Katika diski iliyotolewa mwaka 1994 waliiimba Les Noces kwa sauti hiyo, na katika diski hiyo hiyo wakaweka nyimbo za harusi za vijijini zenye udugu na maneno aliyoyatumia Stravinsky. Ukizisikiliza zile nyimbo za vijijini kwanza, kisha baleti, huwezi tena kuisikia rekodi ya 1934 kama ulivyoisikia awali. Wimbo uliotolewa kijijini, ukapitia kitabu cha mkusanyaji, ukapitia meza ya mtunzi aliyekuwa akiishi ugenini, ukapitia jukwaa la Paris, umerudi katika koo zinazofanana na zile zilizouzaa. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi sijui mfano mzuri zaidi wa safari ya matini.

Hapa lazima nichepuke kidogo, maana kuna kinaya ambacho sipendi kukipita. Kabla ya kukata shauri la piano nne, Stravinsky alijaribu ala nyingine nyingi. Mnamo 1919 alikuwa ameanza toleo lenye pianola, yaani piano inayojipiga kwa karatasi iliyotobolewa, pamoja na vyombo vya Ulaya ya mashariki vya nyuzi za kugongwa. Alitaka mashine kwa sababu mashine haina maoni. Aliacha mpango huo. Kuipatanisha mashine na waimbaji wanaovuta pumzi kulikuwa na taabu kubwa. Sasa fikiria: katika rekodi ya Pokrovsky, yenye sauti za kijijini kuliko zote, sehemu za piano na za vyombo vya kugonga zimetolewa na kompyuta. Mashine aliyoitaka mtunzi ilifika takriban miaka 75 baadaye, nayo ikafika ikiwa imeandamana na wanawake wanaoimba kama bibi zao. Nani hapo ni mwaminifu kwa mtunzi na nani ni mwasi? Nimeshindwa kuamua, na ninashuku kwamba kushindwa huko ndiko uhakiki wenyewe.

Anayedhani kwamba neno la mwisho ni la mtunzi na aichukue baleti nyingine ya Stravinsky, ile maarufu zaidi, Le Sacre du Printemps, iliyozua zogo ukumbini Paris mwaka 1913. Mtunzi aliirekodi mwaka 1929, akairekodi tena mwaka 1940, na tena mwaka 1960. Rekodi hizo hazilingani. Mwaka huo huo wa 1929, jijini Paris kwenyewe, Pierre Monteux aliyeiongoza usiku ule wa kwanza aliirekodi pia, nayo hailingani na ya mtunzi. Mnamo miaka ya 1960 Stravinsky aliandika uhakiki wa rekodi tatu za wenzake, akailaumu ile ya Herbert von Karajan kwa kuwa laini mno, kana kwamba ushenzi wake ni wa kufugwa. Yaani mtu aliyekataa fasiri alikuwa mhakiki wa fasiri! Ni wazi kwamba alisikia tofauti, akazipima, akachagua. Alifanya lile ambalo sisi hatulifanyi.

Hadi hapa nimezungumzia mtunzi aliyeandika kila nukta kabla ya mtu kufungua kinywa. Kuna kazi ya kwaya iliyozaliwa kwa njia ya kinyume, tena karibu nasi zaidi. Mnamo 1958 kwaya ya wavulana na walimu wao kutoka Kamina, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji, ilirekodi Missa Luba, yaani Misa ya Waluba, chini ya padre wa Kibelgiji, Guido Haazen. Kwaya iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, jina la mfalme wa Ubelgiji, na mwaka huo ilizuru Ulaya. Maneno ni ya Kilatini, yale yale ya Misa ya kanisa zima, kwani Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado haujakaa wala kufungulia mlango lugha za wenyeji. Lakini muziki ni wa Kiluba. Ndani yake mna kasala, utanzu wa Waluba wa sifa na maombolezo, na wimbo ulikuzwa kwa ubunifu wa papo kwa papo. Nota zilikuja kuchapishwa baadaye. Rekodi ndiyo iliyotangulia, karatasi ikafuata. Santuri hiyo ilivuma hata sehemu yake ya Sanctus ikatumiwa katika filamu ya Kiingereza ya mwaka 1968, If...., ya Lindsay Anderson.

Mwaka 1990 kwaya ya Kenya, Muungano National Choir, ikiongozwa na Boniface Mganga, ilitoa rekodi yake ya Missa Luba pamoja na nyimbo za kienyeji za Kenya. Hapa ndipo ninapotaka wenzangu watulie kidogo. Ni rahisi kusema kwamba Waafrika wameimba cha Waafrika, basi kimerudi nyumbani. Sivyo. Kwa mwimbaji wa Kenya kasala ni utanzu wa jirani wa mbali, na Kiluba si lugha yake. Yeye ni mfasiri kama Bernstein, ila hakuna anayemwita hivyo. Kwaya ya Kamina ilikuwa ya wavulana na wanaume. Muungano ina wanawake wanaobeba soprano na alto. Badiliko hilo peke yake linaigeuza Misa. Katika rekodi ya 1958 sauti za juu ni nyembamba, zina makali ya kitoto, na mwimbaji wa pekee anatangulia mbele yao kama mtu anayepapasa njia gizani huku ngoma zikimngoja. Katika rekodi ya 1990 njia imeshafyekwa. Tabaka za sauti zimepangwa, besi imesimama kama nguzo, kila mtu anajua wimbo unakwenda wapi. Kwa uzuri wa sauti, Muungano wanashinda, tena kwa mbali. Kwa mshangao, ile hali ya kusikia kitu kikitungwa masikioni mwako, watoto wa Kamina hawajashindwa na mtu.

Na kuna suala la nani ni mtunzi. Tukishika karatasi, jina tunalolikuta ni la padre. Tukishika rekodi ya 1958 tunasikia kwamba mengi yaliyoifanya Misa hiyo idumu yalitoka katika vinywa vya watoto na walimu wa shule ambao historia ya muziki imewameza wote katika neno moja, kwaya. Simnyimi Haazen haki yake. Bila yeye hatungekuwa na rekodi. Ninasema tu kwamba karatasi na sauti zinatoa ushahidi tofauti kuhusu umiliki, na mhakiki anayesoma karatasi peke yake ameshahukumu kabla ya kumsikiliza shahidi wa pili.

Nirejee kwetu. Mwanafunzi wa uzamili anayetafiti nyimbo huenda nyanjani na kinasa sauti, hurudi, hunukuu maneno, hutafsiri pale inapobidi, kisha huchambua kile alichokinukuu. Sauti hubaki kabatini, au hufutwa ili chombo kitumike tena. Nimekaa katika kikao kimoja cha kutetea mapendekezo ya utafiti ambapo mtahiniwa alisema ana rekodi mbili za wimbo mmoja, za manju mmoja, zilizopishana miezi michache, na maneno yake hayafanani. Akaulizwa ipi ndiyo matini. Akashauriwa achague moja na aitaje nyingine katika tanbihi. Hakuna aliyemwomba atusikilizishe. Wajumbe walikuwa watu wa heshima na nia yao ilikuwa njema: utafiti lazima uwe na mipaka. Lakini kama wahakiki wa Stravinsky wangefuata ushauri huo, tungekuwa na rekodi moja ya Harusi, pengine ya 1934, na tungeamini kwamba wakulima wa Urusi huolewa kwa adabu ya kanisani.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba kulinganisha rekodi ni kazi ya idara ya muziki, kwamba sisi hatuna istilahi. Istilahi tunazo. Anayeweza kueleza kwa nini mghani huirefusha silabi ya mwisho wa kipande anaweza kueleza kwa nini Kiingereza kimeshindwa kukaa katika mdundo wa Les Noces. Anayeweza kutofautisha kiitikio cha hadhira na cha wapambe wa fanani anaweza kutofautisha kwaya ya Kamina na ya Muungano. Kinachokosekana ni mazoea ya kusikiliza kitu kimoja mara mbili, kalamu mkononi, kwa makini yale yale tunayoyatumia tunapolinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja.

Pendekezo langu kwa chama chetu na kwa walimu wetu ni dogo. Katika kozi ya fasihi simulizi, kila mwanafunzi aandike zoezi moja la muhula juu ya rekodi mbili za wimbo mmoja au utenzi mmoja, na rekodi zenyewe ziambatishwe, zisikilizwe na msahihishaji kabla ya kutoa alama. Maktaba ya idara ianze kupokea sauti kwa utaratibu ule ule inaopokelea tasnifu: jina la fanani, mahali, tarehe, nambari ya rafu. Gharama yake ni ndogo siku hizi, kwani simu iliyo mfukoni mwa kila mwanafunzi inarekodi kwa usafi kuliko mitambo ya Paris ya mwaka 1929. Anayetaka kuanza na Kamina na Muungano, rekodi zote mbili zinapatikana katika intaneti, na kila moja inamalizika kabla ya kipindi cha saa moja kwisha.